Mjamzito anakatazwa bembea, lakini bodaboda hakuna anayemkataza

"Shikamoo daktari. Watoto wananing'ang'ania nipande nao ile bembea pale. Na hali hii, si nitaumia?"

Swali hilo niliulizwa na mama mmoja wa Lingeka, kwenye viwanja vya Nane Nane vya Nyakabindi, Bariadi. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita. Mtoto wa kiume alikuwa amemshika gauni upande mmoja, binti upande wa pili, na wote wawili macho yao yalikuwa juu, kwenye gurudumu lililokuwa likizunguka taratibu na viti vyake vya rangi.

Nilimuuliza amefikaje viwanjani. Akajibu bila kusita: "Kwa boda. Mimi, watoto na dereva."

Watu wanne, pikipiki moja, barabara ya vumbi ya mwezi wa nane, na mama amekaa upande kwa sababu ya tumbo. Nikamwambia ukweli, nao ndio ninaotaka kuuandika leo: kati ya vyombo viwili alivyokuwa anavizungumzia, lile gurudumu ndilo lililokuwa na hatari ndogo. Alikuwa ameogopa chombo kisichostahili hofu kubwa, na kile cha kuogopwa alikuwa ameshakipanda asubuhi, na jioni alikuwa anakwenda kukipanda tena.

Simlaumu. Sisi sote tunapima hatari kwa macho. Kilicho juu kinatutisha, kinachopita chini karibu na ardhi tunakiona cha kawaida. Lakini mji wa mimba hauna macho. Hauogopi urefu wala haujui kelele za muziki. Unachokipata ni mshtuko tu, yaani kugongwa, kurushwa na kusimamishwa ghafla.

Tangu mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, na hasa baada ya Nyakabindi kuwa mwenyeji wa maonesho ya kitaifa ya Nane Nane miaka ya 2018, 2019 na 2020, familia za Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega zimezoea kwenda viwanjani mwezi wa nane. Watu huenda kuona mifugo, mbegu na matrekta, na watoto wao huenda kwa ajili ya bembea. Sikukuu za Idi na Krismasi nako mijini ni hivyo hivyo. Wenye ndugu Dar es Salaam hupelekwa Kunduchi kwenye maji ya kuteleza, au Kigamboni kwenye bembea kubwa zaidi. Kwa hiyo swali la mama wa Lingeka ni swali la kina mama wengi, na linastahili jibu lenye maelezo. "Usipande" peke yake haimfundishi mtu kitu.

Tuanze na kinachotokea tumboni. Mji wa mimba ni msuli, unavutika na kurudi. Kondo la nyuma, lile linalompa mtoto damu na hewa, limeshikamana na ukuta wa msuli huo lakini lenyewe halivutiki hivyo. Fikiria nyumba ya fito iliyokandikwa udongo. Fito zikitikiswa kidogo kidogo hakuna kinachotokea. Zikipigwa kishindo kimoja, fito zinapinda na kurudi, udongo unabanduka. Ndivyo kondo linavyoweza kubanduka kabla ya wakati wake mwili wa mama unapogongwa au kusimamishwa ghafla. Mtoto hukosa hewa, mama huvuja damu. Na ubaya wake ni kwamba inaweza kutokea hata pale ambapo tumboni hakuna mchubuko wala jeraha.

Katika viwanja vikubwa vya michezo vya Ulaya na Marekani, mabango ya kuwakataza wajawazito huwekwa kwenye vyombo vya kasi. Makatazo hayo hayakutokana na majaribio, kwa maana hakuna daktari mwadilifu anayeweza kuwapandisha wajawazito kwenye bembea ili ahesabu watakaopoteza watoto. Tunachokijua kimetokana na ajali za barabarani na watu walioanguka. Mwili haubagui kama kishindo kimetoka kwenye gari au kwenye bembea.

Basi mama, ukifika mbele ya chombo chochote cha kupanda, simama kando na ukitazame kikizunguka mara moja mpaka mwisho. Jiulize maswali matatu.

La kwanza: kinagonga, kinarusha au kinasimama ghafla? La pili: kuna mkanda au chuma kinachokaa juu ya tumbo? La tatu: kikiyumba, ninaweza kuanguka, au mtu anaweza kuniangukia? Jibu likiwa "ndiyo" hata kwa swali moja, usipande. Majibu yote yakiwa "hapana", na kama huna tatizo kwenye mimba yako, hakuna sababu ya kitabibu ya kukunyima furaha ya dakika tano na wanao.

Tuyatumie maswali hayo kwenye vyombo tunavyovijua.

Gurudumu kubwa linalozunguka taratibu: kama kiti kina mlango unaofungwa, kama linasimama polepole ili watu washuke, na kama tumbo halibanwi na chuma, linakubalika. Angalia pia lilivyofungwa chini. Bembea za maonesho hufungwa na kufunguliwa, husafirishwa kwa malori. Ukiona chuma kimeshikiliwa kwa kamba au waya, usipande, na wanao pia wasipande. Hilo ni la kila mtu, mwenye mimba na asiye na mimba.

Kitreni cha watoto kinachozunguka pole pole chini: panda. Farasi wa kuzunguka: kama kuna benchi la kukaa, kaa hapo, usimpande farasi anayeinuka na kushuka.

Viti vya minyororo vinavyoruka kwa kuzunguka, merikebu inayobembea mbele na nyuma hadi tumbo linapanda kooni, kitreni kinachopanda juu na kuporomoka: hapana kwa vyote, tangu siku unayojua una mimba hadi utakapojifungua na kupona.

Vigari vya kugongana: hapana kabisa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu vigari vile viko chini, ni vya watoto, kila mtu anacheka. Lakini kazi ya vigari vile ni kugongana! Kila kishindo kinaukatisha mwili mwendo kwa ghafla, na usukani uko mbele ya tumbo. Kwangu mimi, kama ningelazimika kuchagua chombo kimoja cha kuwekewa bango kubwa kuliko vyote, ningechagua hiki.

Jumba la hewa la kurukia: mjamzito asiingie, hata kwa kumfuata mtoto anayelia. Utaanguka, au watoto wa watu watakuangukia. Simama mlangoni, muite.

Kupanda ngamia au farasi kwa ajili ya picha: mnyama ametulia mpaka aliposhtuka. Piga picha umesimama kando yake.

Maji ya kuteleza, kama yale ya Kunduchi: kuteleza kutoka juu na kuangukia majini kwa kasi, hapana. Kukaa kwenye maji ya kina kifupi au kuogelea taratibu, ndiyo; kuogelea ni zoezi jema kwa mjamzito. Tahadhari ni sakafu yenye utelezi.

Wapo wasiotakiwa kupanda hata kile cha taratibu: mama aliyewahi kutokwa na damu katika mimba hii, aliyeambiwa kondo limekaa chini karibu na mlango wa kizazi, mwenye shinikizo la juu la damu, mwenye mapacha, au aliyewahi kujifungua kabla ya miezi kutimia. Hawa kwanza wazungumze na mkunga wao kliniki.

Umri wa mimba nao unahesabika. Hadi kufikia wiki ya 12 hivi, mji wa mimba umejificha ndani ya mifupa ya nyonga, umekingwa vizuri. Baada ya hapo unapanda juu, na kufikia wiki ya 20 uko usawa wa kitovu. Kuanzia hapo hakuna mfupa mbele yake. Uzito wa mwili umehamia mbele, maungio yamelegea, na mama hupoteza mizani kwa urahisi. Ndiyo maana yule yule aliyekuwa akiruka mtaro bila shida mwezi wa tatu, mwezi wa saba anajikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yake.

Hapa nataka nizungumze na mama mwingine, ambaye huenda anasoma safu hii akiwa na donge kooni. Alipanda bembea ya kasi, au alianguka kidogo, akiwa hajui kwamba ana mimba. Baadaye mimba ikaharibika, na tangu siku hiyo anajihukumu, au mawifi wanamhukumu. Dada yangu, mimba nyingi zinazoharibika katika miezi mitatu ya mwanzo huharibika kwa kasoro za chembe za urithi, ambazo zimekuwepo tangu mtoto alipotungwa. Kutikiswa hakuzisababishi na kulala kitandani hakuziponyi. Wazee husema mimba imara haitoki kwa kutikiswa, na kwa miezi ya mwanzo wana ukweli mkubwa. Kosa ni kuuchukua ukweli huo wa mwezi wa pili na kuupeleka mwezi wa saba.

Na hapo ndipo tunarudi kwenye pikipiki.

Weka bodaboda mbele ya maswali yale matatu. Inarusha na kusimama ghafla? Kila shimo, kila mbuzi anayekatiza. Kuna kinachobana tumbo? Kuna mgongo wa dereva mbele, na mkipakizana mshikaki kuna mtoto katikati yenu. Unaweza kuanguka? Hakuna mkanda, hakuna mlango, na wengi hawana hata kofia. Chombo hicho kimeshindwa maswali yote matatu, na bado ndicho kinachompeleka mjamzito kliniki, gulioni, kanisani, msibani na kwenye maonesho. Tumeweka bango kwenye bembea anayoipanda mara moja kwa mwaka, hatukuweka neno lolote kwenye pikipiki anayoipanda kila wiki.

Najua mtakachoniambia. Daktari, huku kwetu gari la kupanda ni lipi? Ni kweli. Kutoka vijijini hadi barabara kubwa, mara nyingi ni pikipiki, mkokoteni wa ng'ombe, au miguu. Siwezi kumkataza mama bodaboda halafu nikamtaka ahudhurie kliniki kila anapopangiwa. Kuikosa kliniki kuna hatari zake, na hizo ni kubwa. Ninachosema ni kwamba kama haukwepeki, upandwe kwa masharti.

Mjamzito apande peke yake na dereva, bila mtoto wala mzigo kati yao. Avae kofia na aifunge kidevuni. Akae kwa kutanua miguu akitazama mbele, avae suruali au kanga ya ziada chini ya gauni kama staha ndiyo inayomsumbua. Kukaa upande kunamfanya awe rahisi kudondoka. Amchague dereva anayemjua, amwambie mapema, "Nina mzigo wa Mungu, nenda pole," na amlipe nauli ya mwendo huo bila kunung'unika. Penye mashimo au korongo ashuke, avuke kwa miguu. Asipande usiku wala kwenye matope. Na mimba ikishafika miezi saba, familia ianze kutafuta njia nyingine: Noah ya jirani, bajaji, au kuhamia kwa ndugu aliye karibu na kituo cha afya wiki za mwisho.

Kwenye gari dogo, funga mkanda. Wengi wanauacha wakidhani unambana mtoto. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya mapaja na nyonga. Wa juu upite katikati ya matiti na kando ya tumbo. Ukipita juu ya kitovu, umekosea. Ukipita mahali pake, unawalinda wawili.

Kuna imani nyingine ninayoisikia: kwamba mimba ikipitiliza siku, mama apandishwe pikipiki kwenye barabara mbovu ili uchungu uje. Hiyo tuiache. Mishtuko haiuiti uchungu salama. Inachoweza kufanya ni kubandua kondo. Mimba iliyopitiliza inakwenda hospitali.

Sasa, ikiwa imeshatokea. Umeanguka, umegongwa tumbo, au umepanda chombo kilichokurusha. Kama mimba imezidi miezi mitano, nenda kituo cha kutolea huduma siku hiyo hiyo, hata kama hujisikii vibaya. Wataalamu hupendekeza mama aangaliwe kwa muda usiopungua saa nne, kwa sababu kondo lililobanduka halitoi taarifa papo hapo. Usisubiri hata dakika ukiona moja ya haya: damu ukeni, maji yanavuja, tumbo linauma au limekuwa gumu kama ubao na halilegei, mtoto hachezi kama kawaida yake, unahisi kizunguzungu na jasho la baridi. Usijipe moyo kwamba "damu haitoki". Damu inaweza kujikusanya ndani nyuma ya kondo, isionekane.

Namba ya bure 115 ya mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ipo kwa ajili ya kumpatia mjamzito mwenye dharura usafiri wa kumfikisha hospitali. Iandike ukutani, mume aijue, na mtoto mkubwa aijue.

Usikubali kukandwa tumbo. Nalisema hili kwa heshima kwa bibi zetu, ambao wamewapokea watoto wengi kwa mikono yao. Lakini tumbo la mama aliyeanguka likikandwa "ili mtoto arudi mahali pake", kondo lililobanduka kidogo linaweza kubanduka zaidi. Dawa ya mitishamba ya kutuliza maumivu nayo inaficha dalili tunazozitafuta. Bibi atakuwa amesaidia sana akimsindikiza mjukuu wake hospitali.

Ukienda, chukua kadi ya kliniki. Ina kundi lako la damu. Mama mwenye kundi lenye alama ya hasi, kwa mfano O hasi, huhitaji sindano maalumu ndani ya saa 72 baada ya kugongwa tumbo, ili mwili wake usitengeneze kinga ya kupambana na damu ya mtoto huyu au wa mimba zijazo. Kama hujui kundi lako, uliza kliniki ijayo. Ni haki yako kulijua.

Siku ya maonesho yenyewe, kumbuka mambo madogo. Jua la mwezi wa nane Simiyu halina huruma, na shinikizo la damu la mjamzito hushuka kirahisi akisimama foleni muda mrefu. Beba maji, kula kabla ya kutoka, tafuta kivuli. Ngoma za Kisukuma zikianza, zitazame ukiwa pembeni, mbali na msukumano wa watu.

Nimalize na wawili wasioulizwa swali hili.

Wa kwanza ni baba. Kwa nini mama wa Lingeka, mwenye mimba ya miezi sita, ndiye anayetafakari kama apande bembea na watoto? Baba alikuwepo viwanjani, kwenye banda la matrekta. Baba, watoto wakitaka mtu mzima wa kupanda naye, mtu huyo ni wewe. Na mama ambaye mimba yake bado haionekani, asiyetaka kuitangaza, anahitaji mume atakayesema "nitapanda mimi" kabla watu hawajaanza kumuuliza kwa nini anakataa.

Wa pili ni wanaotoa vibali vya bembea na wanaosimamia vijiwe vya bodaboda. Bango la Kiswahili lenye mchoro halina gharama kubwa. Mwenye bembea akilazimishwa kuweka moja, na kijiwe kikapewa maelekezo ya namna ya kumpakia mjamzito, tutakuwa tumefanya jambo. Dereva wa bodaboda ndiye mtu wa usafiri aliye karibu zaidi na mjamzito wa kijijini. Hakuna aliyewahi kumfundisha chochote kuhusu abiria huyo, na mimi nimekutana na madereva wengi wanaotamani kufundishwa.

Mama yule alipanda gurudumu. Nilimwona kutoka chini, mtoto kila upande, anacheka. Jioni hawakurudi kwa boda moja. Mume alitafuta gari la jirani waliyetoka naye kijiji kimoja, mama akakaa mbele, mkanda chini ya tumbo.

Tukutane wiki ijayo.